Eti Kichwa Kilijaa

Mjomba wangu mmoja aliweza kukutajia stesheni zote za reli ya Tanga kwenda Moshi, kisha akageuza na kurudi nazo mpaka pwani, kama anayeendesha treni kwa mdomo. Sisi watoto tulimzunguka barazani kumtega. Tunamkatiza katikati: "Mjomba, baada ya Mombo?" Hata hafikiri. "Buiko!" Halafu anaendelea palepale alipoachia, na sisi tunapiga makofi.

Alikuwa msomi kuliko wote pale nyumbani. Lakini mimi nilipopata akili za kumjua, alikuwa ameshaacha kwenda kazini. Alivaa shati lililofungwa vifungo hadi kooni hata katika joto la Februari, na kuna siku alikataa kula kwa sababu, alisema, wali umeandikwa. Ukiuliza ana nini, jibu lilikuwa moja tu, kwa bibi, kwa majirani, hata kwa fundi baiskeli wa pale kona: alisoma sana, kichwa kikajaa.

Alifariki nikiwa darasa la sita. Msibani nikalisikia tena jibu lile, safari hii kwa sauti ya chini na kwa namna fulani ya fahari. Watu wanakufa kwa homa, kwa ajali, kwa pombe. Wa kwetu aliuawa na akili.

Nililibeba hivyo hivyo miaka zaidi ya ishirini, mpaka nilipokutana nalo, karibu neno kwa neno, katika habari za magazeti ya New York za Juni 1906. Aliyekufa alikuwa kijana wa miaka 33, mchezaji wa sataranji, na waandishi walieleza kwamba ugonjwa wake ulitokana na kuichosha mno kumbukumbu yake.

Niseme kwanza nilifikaje huko. Mimi ni mtu wa drafti. Nimekulia kwenye ubao wa plaiwudi uliochorwa miraba kwa kalamu ya wino, vizibo vya soda ndiyo kete, vya kwako vimelala na vya mwenzako vimegeuzwa, na wazee wanne nyuma yako wanakuchezea kwa midomo. Sataranji niliijua ukubwani, kwa simu, ndani ya daladala. Vijana wengi siku hizi wanaiita chesi. Mimi nang'ang'ania sataranji, neno ambalo bibi angelielewa. Ukishaupenda mchezo wenyewe unaanza kuzifuata mechi za kale, kwa sababu kila hatua ya wakubwa iliandikwa, na unaweza leo, umekaa Mbagala, kuirudia mechi iliyochezwa Urusi zaidi ya miaka 120 iliyopita. Ndivyo nilivyomkuta Harry Nelson Pillsbury.

Alizaliwa tarehe 5 Desemba 1872 huko Somerville, jimbo la Massachusetts, Marekani. Baba yake alikuwa mwalimu. Mchezo aliuanza akiwa na miaka kama 15 au 16, umri ambao leo mtu angekuambia umeshachelewa, kwani watoto wa umri huo wameshakuwa mabingwa wakubwa. Miaka minne baadaye, 1892, Wilhelm Steinitz, bingwa wa dunia wakati ule, alicheza naye mechi tatu. Steinitz aliondoa askari wake mmoja, kete ndogo kuliko zote, ubaoni kabla ya kuanza, ili kumpunguzia kijana mzigo. Kijana akashinda mbili kati ya zile tatu. Hata kwa kupunguziwa, si kila siku dogo anamfunga bingwa wa dunia.

Kisha Hastings.

Hastings ni mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Agosti 1895 klabu ya sataranji ya pale iliandaa mashindano ambayo dunia haikuwa imeona mfano wake: wachezaji 22, kila mmoja akutane na kila mmoja. Alikuwepo Emanuel Lasker, Mjerumani, aliyemvua Steinitz ubingwa wa dunia mwaka mmoja kabla. Alikuwepo Steinitz mwenyewe, na kisasi chake. Alikuwepo Mikhail Chigorin kutoka Urusi, mtu wa mashambulizi, na Siegbert Tarrasch, daktari wa Nuremberg aliyeamini kila swali la ubaoni lina jibu moja sahihi na kwamba yeye analo. Pillsbury, miaka 22, alilipiwa safari na klabu ya Brooklyn. Hakuwa amewahi kushindana Ulaya hata mara moja.

Raundi ya kwanza alifungwa na Chigorin. Ya pili alipangiwa Tarrasch.

Mechi hiyo ya pili nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Tarrasch, mwenye kete nyeusi, anasukuma askari wake upande wa malkia, taratibu, kwa hesabu, kama mtu anayejenga nyumba tofali kwa tofali. Ukimwangalia unasema huyu ameshashinda, ni suala la muda tu. Pillsbury anamwacha ajenge. Yeye amepanda farasi wake katikati ya ubao, akamwekea askari wa kumlinda, na anasogeza kete zake moja moja kuelekea kwa mfalme wa daktari. Hana haraka. Nyumba ya Tarrasch inapofika kwenye paa, mfalme wake hana tena pa kukaa, na mechi ikaisha kwenye hatua ya 52. Tangu siku hiyo mpango ule, wa farasi katikati na askari mgongoni mwake, umekuwa ukiitwa kwa jina la Pillsbury.

Akaendelea kuwafunga. Steinitz alifungwa. Pillsbury alikuja kupoteza mbili nyingine, kwa Lasker na kwa Carl Schlechter wa Vienna, na ikafika raundi ya 21, ya mwisho, watu watatu wakiwa wanakanyagana visigino: Pillsbury, Chigorin, Lasker. Pillsbury alicheza na Isidor Gunsberg. Kete zikapungua mpaka kila mmoja akabaki na mfalme, farasi na askari wachache, hali ambayo mtazamaji wa kawaida angewaambia wapeane mkono wakalale. Hapo Pillsbury akaanza kutoa askari. Mmoja mbele, mwingine mbele, farasi kwa farasi, na vumbi lilipotulia walibaki askari wake wawili katikati ya ubao, wameshikana mikono kiupandeupande. Mfalme mweusi akimla wa nyuma, wa mbele anakimbia kwenda kuwa malkia. Akimfuata wa mbele, mwenzake anasogea. Kila alipogeuka palikuwa na mlango uliofungwa. Upande wa pili wa ubao mweusi alikuwa na askari wake wanaokimbia pia, na mfalme wa Pillsbury akatembea kwenda kuwazuia bila wasiwasi wowote, kama mzee anayefuata maji kisimani. Hatua ya 40, kwisha.

Jedwali la mwisho: Pillsbury pointi 16 na nusu, Chigorin 16, Lasker 15 na nusu, Tarrasch 14, Steinitz 13. Zawadi ya kwanza ilikuwa pauni 150.

Ukitaka kuelewa ukubwa wa jambo lile, fikiria timu ya mtaani inaingia Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza na kulichukua. Hakuna aliyewahi kuja kutoka kusikojulikana namna hiyo tena, ila Capablanca wa Kuba mwaka 1911, na hata yeye alikuwa ameshasikika.

Miezi mitatu baadaye walialikwa Saint Petersburg watano wa juu wa Hastings. Tarrasch hakwenda, wakabaki wanne: Lasker, Steinitz, Chigorin, Pillsbury. Kila mmoja acheze mara sita na kila mmoja, Desemba hadi Januari, katika baridi ya Urusi. Nusu ya kwanza ilipoisha Pillsbury alikuwa kileleni, pointi 6 na nusu kati ya 9, Lasker pointi moja nyuma yake. Nusu ya pili alipata pointi 1 na nusu kati ya 9.

Isome tena sentensi hiyo. Ni mtu yuleyule, chumba kilekile, wapinzani walewale.

Mapema Januari 1896 ilichezwa mechi yake maarufu kuliko zote, na aliipoteza. Lasker, mwenye nyeusi, alichukua ngome yake akaenda kuiweka mbele ya askari wa Pillsbury, karibu kabisa na mfalme, iliwe. Ikaliwa. Hatua nane baadaye akaiweka ngome yake ya pili mraba uleule. Ngome mbili, mraba mmoja! Ya pili ilipoliwa na mfalme mwenyewe, mfalme huyo alitolewa nje ya boma lake na kuburutwa juu ya ubao kama mbuzi wa Idi, cheki baada ya cheki, yaani tishio baada ya tishio, mpaka hatua ya 31 Pillsbury akakubali. Lasker alimaliza wa kwanza kwa pointi 11 na nusu, Steinitz 9 na nusu, Pillsbury wa tatu kwa 8.

Hapa ndipo wasimulizi wanapokuja na simulizi yao. Wanasema katika majira yale ya baridi, Saint Petersburg, kijana aliambukizwa kaswende, na ndiyo sababu nusu ya pili ilimporomoka. Simulizi tamu: kijana, mji mgeni, dhambi moja, adhabu palepale. Mimi siinunui. Kaswende haiendi kichwani kwa wiki tatu. Inaanza na kidonda, kinapona chenyewe. Baadaye vipele na homa, navyo vinapita. Halafu inatulia, mara nyingi miaka 10 au zaidi, kabla ya kupanda kwenye ubongo kwa wale wachache inaowapandia. Aliyeporomoka Januari 1896 yaelekea aliporomoka kwa homa, uchovu, na kwa sababu mbele yake alikuwa amekaa Lasker. Alipoambukizwa na nani, wapi, ni siri aliyoondoka nayo, na haituhusu sana.

Tena hakuwa mtu aliyekwisha. Mwaka uleule, huko Nuremberg, alimfunga Lasker kwa mechi nzuri ajabu. 1897 alimshinda Jackson Showalter na kuwa bingwa wa Marekani, akamshinda tena mwaka uliofuata, na taji hilo alikufa nalo. Vienna 1898 alicheza mechi 36 na kumaliza sawa na Tarrasch, pointi 27 na nusu kila mmoja. Wakarudiana mechi nne na Tarrasch akapita kwa tofauti ya pointi moja tu. Paris 1900 alikuwa wa pili nyuma ya Lasker. Hannover 1902, wa pili. Ukijumlisha mechi zake zote na Lasker, aliyekaa na ubingwa wa dunia miaka 27, kila mmoja alimfunga mwenzake mara 5 na mara 4 wakatoka sare. Mechi ya kugombea ubingwa wenyewe haikuchezwa kamwe.

Kilichompa jina mitaani lakini si hayo mashindano. Ni kule kuupa ubao kisogo.

Sataranji haikumlisha mtu wakati ule. Zawadi zilikuwa chache na njia ilikuwa ndefu, kwa hiyo alizunguka miji ya Marekani na Ulaya akifanya maonyesho. Yeye anakaa kwenye kiti, ameupa ukumbi mgongo, sigara kubwa mdomoni. Nyuma yake zimepangwa meza 15, meza 20, kila meza na mpinzani wake. Mtu anamsomea: meza ya saba, farasi amekwenda pale. Yeye anajibu, meza ya nane. Ubao hauoni hata mmoja. Philadelphia mwaka 1900 alicheza hivyo na watu 20, akashinda 14, sare 5, akapoteza 1. Moscow, Desemba 1902, watu 22: akashinda 17, sare 4, akapoteza 1. Hadi siku hiyo hakuna aliyewahi kufika idadi hiyo. Kuna jioni aliongeza mbao za drafti, nazo bila kuziangalia, na mkononi ameshika karata za whisti anacheza na wenzake watatu. Watu wa drafti tunajua. Kuishika mechi moja ya drafti kichwani, moja tu, kunatosha kukukosesha usingizi.

Onyesho ninaloliheshimu zaidi ni la Hannover 1902, ambalo wapambe wake hawalitaji sana kwa kuwa takwimu zake hazipendezi. Alicheza kwa kisogo na watu 21 waliokuwa wenyewe ni washindani wa mashindano ya daraja la pili palepale, tena aliwaruhusu washauriane na wajaribu hatua kwa kusogeza kete. Alishinda 3 tu, akapoteza 7, sare 11. Aliyataka makali, akayapata.

Kabla ya maonyesho alikuwa na mchezo mwingine. Anapewa orodha ya maneno kama thelathini, magumu makusudi, anayatazama kidogo, anayataja kwa mpangilio, kisha kinyumenyume, na kesho yake anayataja tena. Orodha moja imehifadhiwa, ya wasomi wawili waliokusudia kumkomesha. Ina majina ya vijidudu, ya dawa, ya miji, ya falsafa, na katikati yake nikakuta neno lililoniamsha: Manzinyama. Msomaji wa Kiswahili huwezi kulipita. Si maji ya nyama. Yaelekea ni Kizulu, amanzi amnyama, maji meusi, jina la mahali lililowafikia kwa magazeti ya vita vya Afrika Kusini. Wale wasomi walilitia humo kama sauti isiyo na maana, kelele ya kumvuruga Mmarekani. Na Mmarekani akalibeba jina hilo la Kiafrika kichwani mwake, mbele na nyuma, bila kulijua.

Na alikuwa na kazi nyingine, ya gizani. New York palikuwa na jumba la sanamu za nta liitwalo Eden Musée, na ndani yake mashine iliyocheza sataranji na drafti: sanamu kubwa yenye kilemba na mavazi ya Kishariki, iliyosogeza kete kwa mkono wake. Iliitwa Ajeeb, neno la Kiarabu lilelile lililotupa sisi ajabu na maajabu. Watu walilipa kuingia kupambana na maajabu hayo, na ndani ya sanamu, amejikunja, alikuwa mtu. Kati ya 1898 na 1904 Pillsbury anatajwa kuwa mmoja wa waliojificha humo. Hebu mfikirie bingwa wa Marekani ndani ya kasha, jasho linamtiririka, anamfunga mtalii kwa senti chache, na sifa anachukua mwanasesere.

Alioa 1901. Mwaka 1904 alishiriki mashindano yake makubwa ya mwisho, Cambridge Springs, jimbo la Pennsylvania, akiwa ameshaanza kuumwa. Alimaliza katikati ya jedwali, mbali na washindi. Lakini raundi aliyopangiwa Lasker aliufungua mchezo kwa njia ileile ya Saint Petersburg, hatua kwa hatua, mpaka hatua ya saba, akabadilisha moja tu. Badala ya kumsogeza malkia mara moja, alikula kwanza farasi. Inasimuliwa kwamba aliificha hatua hiyo miaka minane, akimngojea Lasker peke yake aingie tena njia ile. Huenda imetiwa chumvi. Mechi yenyewe haina chumvi: Lasker alikubali kushindwa kwenye hatua ya 30, mfalme wake akiwa hajapata hata nafasi ya kwenda kujificha kwenye ngome.

Mwaka uliofuata alilazwa hospitali Philadelphia, na magazeti yaliripoti kwamba katika kuchanganyikiwa kwake alijaribu kujitupa dirishani. Alifariki tarehe 17 Juni 1906 na kuzikwa Reading, Massachusetts.

Cheti cha kifo kilitaja hali ambayo madaktari wa enzi zile waliijua vizuri: kupooza kwa jumla kwa wendawazimu, hatua ya mwisho ya kaswende ikishafika kwenye ubongo. Hospitali za wagonjwa wa akili za Ulaya na Marekani zilijaa watu wa namna hiyo, wanajeshi, wafanyabiashara, wasanii. Magazeti yakaandika kumbukumbu. Yakaandika kwamba yale maonyesho ya kisogo ndiyo yaliyomla. Na hadi leo utasikia mtu anamwonya mwenzake asicheze bila ubao, "utakuwa kama Pillsbury."

Wazee wetu wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kifo hakikumuumbua mtu. Kilisaidia kuficha. Neno letu la jambo hilo ni sitara, na mimi siidharau sitara. Palikuwa na mjane, na kaswende ilikuwa neno la kufungia watu milango. Ukisema ameuawa na akili zake, mjane anaweza kutembea barabarani. Lakini sitara hiyo iligharimu. Kijiumbe cha kaswende kilionekana kwa mara ya kwanza kwenye darubini huko Berlin mwaka 1905, Pillsbury akiwa hoi. Kipimo cha damu kilitangazwa 1906, mwaka aliokufa. Dawa ya kwanza yenye nguvu, Salvarsan, ilitoka 1910. Aliikosa kwa miaka minne. Na kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umeshawapanda kichwani, mwaka 1917 daktari wa Vienna, Julius Wagner-Jauregg, alianza kuwadunga damu yenye malaria. Ndiyo, malaria hii hii. Homa kali ilikuwa inawaua wale wadudu wa kaswende, kisha mgonjwa anapewa kwinini kuitoa malaria yenyewe. Baadhi walikufa, baadhi walirudiwa na akili, na yeye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Nilipoisoma nilicheka peke yangu, mimi niliyekunywa kwinini hadi masikio yakavuma, kisha nikaacha kucheka. Hakuna anayetafuta dawa ya kichwa kilichojaa. Kichwa kilichojaa kinapumzishwa tu.

Mwaka jana nilikwenda Tanga kwa mama mdogo. Ni muuguzi mstaafu, ana miaka sabini na kitu, na ndiye pekee aliyebaki kati ya ndugu zake mjomba. Nikamsimulia habari za Pillsbury, kwa mzunguko, maana kumuuliza mkubwa jambo kama lile unakwenda kwa upole. Akanisikiliza huku anachambua mchele.

"Kaka yangu hakuwa na kaswende, kama ndiko unakokwenda," akasema. "Tulimpima. Mimi mwenyewe nilimshika mkono."

Nikaona aibu. Nikasema sikukusudia.

"Ulikusudia. Si kitu." Akapuliza makapi. "Alikuwa na ugonjwa wa akili, una jina lake na una sindano yake. Kila mwezi mara moja. Miezi mitano alichoma, akaanza kukaa mezani na watu, akaanza kunyoa ndevu mwenyewe. Mama akasema mwanangu amepona, sasa asisumbuliwe na hospitali, kilichobaki ni kumwondolea vitabu. Wakavifungia vyote kwenye sanduku la bati. Sindano zikaishia hapo, na vitabu vikaishia hapo."

"Nawe hukusema?"

"Nilikuwa mdogo wa mwisho, baba. Ungenisikiliza wewe?"

Sanduku lilikuwa bado lipo, uvunguni, limefungwa kwa kamba ya katani. Akaniruhusu nilivute. Mlikuwa na kamusi isiyo na jalada, madaftari ya hesabu, na kijitabu chembamba cha ratiba ya treni, kurasa zimegeuka rangi ya chai, mende wamekula pembe. Nikakaa sakafuni nikakifungua kwenye njia ya Tanga, na kidole changu kikaanza kushuka kwenye orodha ya majina, huku mdomo unataja nilivyofundishwa. Pongwe. Muheza. Korogwe. Mombo.

Chini ya Mombo palikuwa pameandikwa Mkumbara.

Nikaangalia tena. Mombo, Mkumbara, halafu ndiyo Buiko. Miaka yote ile alikuwa anairuka stesheni moja, kwenda na kurudi, na sisi tunapiga makofi. Nikamwita mama mdogo nimwonyeshe. Akavaa miwani, akasoma, akacheka mpaka mchele ukamwagika.